Lile doa jeusi chini ya jino langu

"Unaona hapa?" Daktari anakuuliza hivyo kidole kikiwa kwenye skrini, na wewe umelala kwenye kile kiti, taa inakupiga usoni, mdomo bado una ladha ya plastiki ya ile sensa ya kupigia eksrei ya meno, unatikisa kichwa ndiyo. Mi nimetikisa kichwa hivyo miaka mingi sana. Nilikuwa naona vitu vyeupe na vitu vyeusi basi, na nilikuwa naamini kwamba kuelewa hayo mambo ni kazi yake sio yangu.

Mpaka siku nilipoambiwa kuna doa jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino langu la chini kushoto, kwamba hilo doa ni usaha, jino limeshakufa na inabidi litobolewe, neva itolewe, mzizi usafishwe mpaka chini halafu uzibwe. Nikakubali, nikapangiwa tarehe. Kabla sijatoka niliomba niipige ile picha na simu pale pale kwenye skrini na nashukuru sana niliomba, maana usiku ule sikulala, nilikuwa naikuza tu naiangalia, naikuza tena, na swali moja lilikuwa halinitoki kichwani, hili doa daktari amejuaje kwamba ni usaha? Hapo ndo nilianza kujifunza kusoma hizi picha. Naandika haya kwa sababu naamini kabisa mtu yeyote mwenye meno anaweza kuelewa eksrei yake mwenyewe, sio aende kumfundisha daktari kazi, hapana, ni ili siku akiulizwa unaona hapa awe anaona kweli.

Kitu cha kwanza kabisa: eksrei ni kivuli. Mashine inakaa nje ya shavu inatoa miale, sensa iko ndani ya mdomo upande wa pili wa jino, na chochote kilicho katikati kinazuia miale kwa kiasi chake. Kinachozuia sana kinatoka cheupe, kinachoipitisha kinatoka cheusi. Ndo maana enameli, ile ganda ngumu ya juu ya jino ambayo karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, inatoka nyeupe inayong'aa, halafu dentini iliyo chini yake yenye madini kama asilimia 70 inatoka kijivu cheupe, na kiini cha jino, pale kwenye neva na mishipa ya damu, hakina madini kwa hiyo kinatoka cheusi, unakiona kama uzi mweusi unashuka katikati ya jino mpaka ncha ya mzizi. Mfupa wa taya unaonekana kama wavu, vijistari vyeupe vyembamba vyenye vishimo vyeusi katikati, na huo wavu ni wa kawaida kabisa usikutishe, mimi ulinitisha sana nikidhani mfupa wote umetobolewa tobolewa. Jino lililozibwa kwa madini ya chuma, kofia ya chuma, skrubu ya jino la kupandikizwa, vyote hivyo vinatoka vyeupe pe, hakuna kijivu ndani yake.

Ukishajua hivyo umeshapata nusu ya kazi. Unatafuta cheusi mahali palipotakiwa pawe peupe, na mara chache cheupe mahali palipotakiwa pawe peusi.

Halafu upande. Picha inasomwa kama vile mnatazamana uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwako kunakaa kushoto mwa picha. Na zile namba wanazotajiana na msaidizi ni rahisi kuliko zinavyosikika, kwenye mfumo unaotumika nchi nyingi tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo (1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia) na ya pili unahesabu kutoka meno ya mbele katikati kwenda nyuma. Jino langu lililosemwa limekufa lilikuwa 35, yaani chini kushoto la tano. Jirani yake kwa nyuma ni 36, gego kubwa la kwanza. Zikumbuke hizo namba mbili.

Picha zenyewe ni za aina kadhaa na kila moja imepigwa kwa ajili ya swali lake, hili watu wengi hatulijui, tunadhani eksrei ni eksrei tu. Kuna ile ya kung'ata, unang'ata kishikio na picha inachukua vichwa vya meno ya juu na ya chini kwa pamoja, hiyo ni ya kutafuta matundu yaliyojificha katikati ya meno na kuangalia kimo cha mfupa, ila ncha za mizizi huzioni. Kuna ya jino zima mpaka chini ya mzizi, hiyo ndo ya kuangalia kama kuna shida kwenye ncha. Kuna ile kubwa ambayo mashine inakuzunguka kichwa unapata taya zote mbili kwenye picha moja pana, nzuri kwa magego ya mwisho yaliyolala vibaya, mifupa, viungo vya taya, ila haina makali ya kuonyesha tundu dogo. Na ipo ya pande tatu ambayo daktari anaweza kuukata mfupa kwenye kompyuta kipande kwa kipande, hiyo ni kwa kazi maalumu. Mimi nilipigwa ya jino zima peke yake. Hamna aliyenipiga ya kung'ata, na hilo nitalirudia.

Tuje kwenye kuoza, maana ndo wengi wetu kinachotupeleka. Tundu kati ya meno mawili huwa linaanzia chini kidogo tu ya pale meno yanapogusana, na kwenye picha linaanza kama pembetatu ndogo nyeusi kwenye enameli, pana upande wa nje na imechongoka kuelekea ndani. Likivuka enameli na kuingia kwenye dentini linatanuka tena upya, kwa sababu dentini ni laini zaidi, unaona kama pembetatu ya pili imeanza pale ya kwanza ilipoishia, ndani zaidi ya jino. Pembetatu ikiwa bado iko ndani ya enameli tu, madaktari wengi hawachimbi, wanapaka fluoridi, wanakwambia usafishe kati ya meno na wanaifuatilia, kwa sababu hatua hiyo inaweza kusimama hapo hapo. Ikishaingia sana kwenye dentini ni habari nyingine. Na kitu kilichonishangaza mimi ni kwamba jino linatakiwa lipoteze kama asilimia 30 mpaka 40 ya madini mahali pale ndo weusi uanze kuonekana, kwa hiyo tundu halisi karibu kila mara ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye picha. Ukiona dogo kwenye skrini halafu daktari akachimba kubwa usimdhanie vibaya.

Ila na picha nayo ina uongo wake. Kwenye shingo ya jino, kati ya pale enameli inapoishia na pale mfupa unapoanzia, miale inapita kirahisi kwa sababu pembeni pale ni pembamba na hakuna kitu kikubwa cha kuizuia, basi panatokea kiweusi kama tundu na wala sio tundu. Baadhi ya dawa za zamani za kuzibia zenye rangi ya jino nazo zinatoka nyeusi, mtu akaona kama pameoza chini ya kizibo kumbe ndo kizibo chenyewe. Na meno mawili yakipandana kwenye picha kwa sababu mashine ilikaa pembe mbaya, ule weupe uliopandana unafunika tundu lote lililo pale katikati hulioni kabisa. Hili la mwisho lilinihusu mimi moja kwa moja.

Mfupa. Hapa naomba uwe makini kwa sababu ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi, unakula kimya kimya. Angalia mpaka wa juu wa mfupa kati ya jino na jino, ukiwa mzima unakaa kama milimita 1 mpaka 2 tu chini ya pale enameli inapoishia, na unafuata mstari sawa kutoka jino hadi jino. Ukishuka wote kwa pamoja maana yake mfupa umepungua kwa ujumla, ukiona umeshuka ghafla kama korongo kando ya mzizi mmoja basi pale pana mfuko mrefu kati ya fizi na mzizi. Na ukoga uliogandamana chini ya fizi unaonekana kama vimiiba vyeupe vimechomoza ubavuni mwa mzizi. Mama yangu meno yake hayakuwahi kutoboka hata moja, alikuwa anajisifia na sisi tulikuwa tunamsifia, halafu siku moja akaniambia jino la mbele linacheza. Kwenye picha mfupa ulikuwa umeshuka karibu nusu ya mizizi. Hakuwahi kuumwa hata siku moja. Yule daktari alimwekea picha pembeni ya picha ya mfano yenye mfupa mzima akamwonyesha mstari ulipotakiwa kuwa na ulipo sasa, mama akaelewa kwa dakika moja kitu ambacho miaka yote aliambiwa "fizi zako zinatoka damu mama, safisha vizuri" na hakikumwingia. Lakini fahamu kwamba picha inakwambia mfupa uliokwisha kupotea, haikwambii kama ugonjwa bado unaendelea leo, hilo lazima daktari apime na ile fimbo nyembamba yenye alama za milimita kuzunguka kila jino.

Sasa turudi kwenye ncha ya mzizi, kwenye doa langu.

Kuzunguka mzizi wa jino lenye afya kuna mstari mwembamba mweusi, hiyo ni nafasi ya nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na nje ya huo mstari kuna mstari mwingine mwembamba mweupe ambao ni ukuta wa tundu la mfupa lililobeba jino. Jino likifa, uchafu wa vijidudu unatokea kwenye ncha ya mzizi na mwili unauyeyusha mfupa wa pale, kwa hiyo ule mstari mweupe unakatika na mahali pake panatokea doa jeusi limening'inia kwenye ncha kama tone. Doa hilo linaweza kuwa jipu, linaweza kuwa donge la uvimbe au mfuko wa majimaji, na kwa kuangalia picha tu hakuna anayeweza kukwambia kwa uhakika ni kipi kati ya hivyo. Na jipu jipya la siku mbili tatu linaweza kukuumiza ukalia na picha ikawa safi kabisa, kwa sababu mfupa haujapata muda wa kuyeyuka.

Ila sio kila cheusi kilicho kwenye ncha ya mzizi ni ugonjwa, na hapa ndo moyo wangu uliruka. Kwenye taya la chini, kila upande, kuna tundu la asili ambalo neva inatokea kwenda kwenye kidevu na mdomo wa chini. Tundu hilo watu wengi wanalo chini ya jino la tano, au kati ya la nne na la tano. Kwenye picha linatoka jeusi la duara, na kivuli chake kikiangukia sawasawa juu ya ncha ya mzizi linafanana na jipu kwa kila kitu. Jino langu lilikuwa la tano. Nikarudi kwenye simu nikaikuza tena ile picha na nikaona, hafifu lakini upo, ule mstari mwembamba mweupe unapita kuzunguka ncha ya mzizi bila kukatika, ndani ya lile doa.

Sikuwa na uhakika, mi sio daktari. Nikatafuta daktari mwingine. Nilimwambia ukweli tu, dokta nimeambiwa jino hili limekufa, naomba unisaidie kuhakikisha kabla halijatobolewa. Hakuchukia hata kidogo. Alichukua kipamba akakipulizia ile dawa ya baridi kali akaligusa jino, nikasikia baridi mara moja na alipotoa ikaondoka. Jino lililokufa halisikii. Akagusa la upande wa pili ili kulinganisha, likajibu vile vile. Akaligonga gonga, kimya. Kisha akapiga picha mpya ila safari hii alisogeza kichwa cha mashine pembeni kidogo, na doa likahama, likaondoka kwenye ncha ya mzizi likakaa kando peke yake kwenye mfupa. Jipu lingebaki limeng'ang'ania ncha hata ukibadili pembe mara ngapi, kwa sababu liko pale pale kwenye ncha, lakini tundu la neva liko kwenye ukuta wa mbele wa mfupa kwa hiyo kivuli chake na kivuli cha mzizi vinatengana ukisogeza mashine. Jaribu na vidole vyako viwili mbele ya taa ya ukutani utaona.

Na maumivu je, maana nilikuwa naumwa kweli, nikinywa cha baridi na nikitafuna upande ule? Maumivu ya neva ya jino yana tabia ya kukudanganya mahali, mtu anaonyesha jino moja kumbe ni jirani yake. Alipiga picha ya kung'ata na pale kwenye 36, upande unaogusana na 35, chini kidogo ya mgusano, pembetatu mbili zimekaa moja nyuma ya nyingine kama nilivyokueleza. Kwenye ile picha ya kwanza meno haya mawili yalikuwa yamepandana, weupe ulifunika kila kitu. Gego lilisikia baridi kwa ukali zaidi kuliko mengine ila likatulia baada ya sekunde chache, maana yake neva ilikuwa imekasirika tu, haijafa. Likazibwa siku ile ile na maumivu yakaisha wiki hiyo hiyo.

Daktari wa kwanza simuiti mbaya, siku yenye watu wengi mtu anaona kivuli mahali ambapo maumivu yanaonyeshwa anaunganisha. Lakini hakupima baridi. Hicho ndo kinachoniuma mpaka leo, sekunde kumi za kipamba zingetosha.

Vivuli vya namna hii viko vingine. Kule juu, nafasi ya hewa iliyo kwenye mfupa wa taya la juu inashuka kati ya mizizi ya magego na inatoka nyeusi kubwa, mtu asiyejua anaona taya limeliwa. Kati ya meno mawili ya mbele ya juu kuna tundu la neva lingine. Na kuna hali ambayo mfupa wenyewe kwenye ncha za meno ya mbele ya chini unabadilika, yanaanza madoa meusi halafu kwa miaka yanajaa weupe katikati, na inawapata zaidi wanawake weusi wa umri wa kati. Meno yao ni mazima, yanasikia baridi vizuri tu, hayahitaji kutobolewa. Dada zangu nyie hili naomba mlishike, ukiambiwa meno manne ya mbele ya chini yote yana jipu na hayajawahi kugongwa wala kuoza, omba yapimwe baridi moja moja kwanza.

Kuna ambavyo picha haionyeshi kabisa. Ufa mwembamba kwenye jino mara nyingi hauonekani. Fizi yenyewe huioni. Uhai wa jino huuoni, ndo maana langu lilipimwa kwa baridi. Na kwa sababu ni kivuli, kilicho upande wa shavu na kilicho upande wa ulimi vinalaliana kwenye sehemu moja, ndo maana wakati mwingine anapiga mbili kwa pembe tofauti na sio kwamba anakupotezea muda.

Watu wananiuliza sana kuhusu miale. Picha ndogo moja ya meno ni kama milisiveti 0.005 (milisiveti ni kipimo cha miale ambayo mwili umepokea), wakati mwanadamu wa kawaida duniani anapokea kwa wastani milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga bila kwenda kwa daktari yeyote, kwa hiyo picha moja ni pungufu ya siku moja ya kuishi tu. Haikuwa hivyo zamani. Otto Walkhoff wa Ujerumani alipojipiga picha ya kwanza ya meno Januari 1896, miezi michache tu baada ya Röntgen kuigundua miale, alikaa mbele ya mashine dakika 25, na Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans kule Marekani, ambaye alikuwa anaweka mkono wake mwenyewe mbele ya mashine kuipima kwa ajili ya wagonjwa alikatwa vidole na baadaye mkono kwa saratani. Leo mashine zimebadilika kiasi kwamba mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema ile aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga miale, haihitajiki tena kwenye picha za meno. Bado lakini picha ipigwe ikiwa na swali la kujibu, sio kwa mazoea, na ukiwa mjamzito mwambie daktari.

Furaha yangu kwenye haya yote ilikuwa picha ya mpwa wangu wa miaka saba, ile kubwa ya kuzunguka. Meno ya utoto yako juu, na ndani ya mfupa chini yake, safu nzima ya meno ya ukubwani imejipanga inasubiri, mengine bado ni vichwa tu havina mizizi. Mtoto aliangalia akauliza "yote haya ni yangu?"

Jambo la mwisho, omba nakala zako. Ni mafaili tu, yanaingia kwenye simu, na ukienda kwa daktari mwingine unampa. Picha moja inaonyesha hali ya siku moja ila picha mbili zilizopishana miaka zinaonyesha kitu kinatembea au kimesimama. Mwezi uliopita niliambiwa nina pembetatu ndogo kwenye enameli ya 46, nikafungua folda yangu tukaweka ya miaka miwili nyuma pembeni ya ya sasa. Ilikuwepo, kimo kile kile. Dokta akazipima zote mbili kwa rula ya kwenye kompyuta, akapaka fluoridi, akaandika tarehe ya kuiangalia tena.